Nirudishe, Barudishe

Tulipomaliza arobaini ya baba mdogo Sefu, wanawake wa nyumba tuliketi mkekani tukagawana nguo zake. Mimi niliangukiwa na koti lake la kazi, la buluu, lililofuliwa hadi likapauka mabegani. Nilipolikunja likatoa harufu ya risasi ya kulehemu, ile harufu kali yenye utamu kidogo inayotoka waya unapounganishwa na mwenzake kwa moto. Wenzangu walikuwa wakibishana viatu vitamwenea nani. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa sebuleni kwetu Bel-Air, Jumapili mchana, nina miaka saba au minane, na mbele yangu wanaume wawili wazima wameinamia mashine moja, wakigombania neno moja la wimbo.

Ninyi mliokuwa watoto Lubumbashi wakati ule hamhitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka moshi wa lile bomba kubwa la kiwanda, jinsi ulivyotukaa kooni kila upepo ulipogeuka. Mnakumbuka asubuhi za shule, tulipopanga mistari tukaimba na kutikisa viuno kumsifu Kiongozi kabla hatujashika kalamu. Hatukuona ajabu. Mtoto haioni ajabu dunia aliyoikuta. Anajaribu tu kuielewa kwa vipande alivyonavyo, na vipande vyangu vilikuwa vichache.

Baba alikuwa seremala, mtu wa msikitini, mpole, asiyependa makelele. Baba mdogo Sefu, mdogo wake wa mwisho, alikuwa fundi umeme katika karakana za kampuni ya shaba. Hakuwa ameoa, na alikaa katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu pamoja na gramafoni yake, radio yake ya kaseti, na sanduku la bati ambalo ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwake. Alikuwa na santuri nyingi, lakini kwa kweli alikuwa na wimbo mmoja tu. Uliimbwa na vijana wa hapo hapo mjini waliojiita Cheche. Walipiga magitaa ya umeme kwa nguvu hadi vioo vya kabati la mama vikatetemeka. Watu wazima waliuita muziki ule jerk. Wenyewe waliuita rock. Ulipotoka mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na nilipopata akili ulikuwa umeshakuwa wimbo wa zamani, ule ambao watu hawaulizi tena kama ni mzuri. Ndani yake, kijana aliyeletwa mjini kufanya kazi anamwomba dereva wa treni amrudishe kwao. Kiitikio chake kilikuwa maneno mawili: "Nirudishe kwetu." Ndivyo ulivyokuwa kwenye santuri, na santuri haikuleta ugomvi kwa mtu yeyote.

Ugomvi ulitoka kwenye kaseti. Baba mdogo aliirekodi mwenyewe, siku Cheche walipopiga katika ukumbi wa wafanyakazi. Yeye ndiye aliyefunga nyaya za umeme jukwaani, kwa hiyo walimruhusu asimame mbele kabisa, na muda wote wa wimbo aliishika radio yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Kwenye kaseti ile wimbo ulikuwa mrefu mara mbili. Gitaa lilipotea njia, likazunguka, likarudi. Watu walipiga kelele. Kisha kila kitu kikanyamaza isipokuwa ngoma, na sauti ya mwanaume ikaingia karibu sana, kama imeingia chumbani, ikaimba kiitikio. Na hapo ndipo penye neno.

Kila Jumapili baada ya chakula alikuja rafiki yake, Mwalimu Mwila. Huyu alikuwa mwalimu wangu shuleni, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Shuleni nilimwogopa. Nyumbani kwetu alivua viatu, akanywa munkoyo wa mama, akawa mtu mwingine. Walianza kwa kusikiliza santuri, halafu kaseti, halafu wakarudisha nyuma, wakasikiliza tena.

"Écoute!" baba mdogo alisema, kidole juu. "Barudishe chetu. Unasikia? Ba! Ba-rudishe!"

"Minasikia nirudishe," Mwalimu Mwila alijibu. "Nirudishe kwetu. Sawa na mu diski. Weye Sefu unasikia ile unapenda kusikia."

"Na weye unasikia ile ya kuandika ku tableau!"

"Bon. Rudisha tena. Lakini hata mu diski anaimba muzuri kupita. Mu studio kila kintu inasikika. Gitaa inasikika, maneno inasikika. Mule mu salle iko makelele tu."

"Makelele njo muziki, Mwila."

Baba, aliyekuwa barazani na juzuu yake, alisema bila kugeuka, "Hiyo kaseti mutaisikiliza mpaka itachakaa, na neno hamutaipata."

Mimi nilikaa chini, mgongo ukutani, nikifikiri kwa bidii. Salle nilijua ni ukumbi, lakini studio niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya picha mjini, ambako mama alinipeleka nikapigwa picha ya shule. Mule ndani mtu anakukalisha kwenye stuli, anakushika kidevu, anakuambia usicheke, usitikisike. Basi nikaelewa kwa nini wimbo wa santuri ulikuwa mfupi na msafi vile: walikalishwa kwenye stuli. Wimbo wa santuri haukuisha kwa kishindo. Ulififia polepole, na mimi niliamini mwimbaji alikuwa akiinuka na kwenda zake huku akiimba, akipita mlangoni, akishuka barabarani, hadi asisikike tena. Nilimhurumia. Lakini nilidhani ni watu wawili. Kwenye jalada la santuri liliandikwa jina lake la kizungu la zamani, Rikki, kabla majina yale hayajakatazwa, na kwenye kaseti mtangazaji alimwita Kalenga. Rikki wa stuli aliomba arudishwe kwao. Kalenga wa ukumbini alisema "barudishe", yaani watu fulani wawarudishie kitu chao. Kila mmoja na shida yake.

Kilichonisumbua ni pale walipofika kwenye neno. Baba mdogo alipunguza sauti, akaniambia, "Zaina, funga dirisha." Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi.

Siku moja nilimuuliza, "Baba mudogo, wimbo ya kweli njo gani?"

Mwalimu Mwila alicheka. Baba mdogo hakucheka. Alinivuta karibu, mikono yake ikinuka risasi.

"Ya kweli njo ya mu salle. Mu studio muntu anaimba ile banamwambia aimbe. Mbele ya bantu anaimba ile iko mu roho yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Lakini usiiimbe mu njia. Hiyo iko ya hapa."

Nikaahidi. Na kwa ahadi ile sikuwahi kuiimba njiani hata mara moja, hata nilipokuwa peke yangu.

Siku wageni wa chama walipokuja shuleni, tulicheza uwanjani tangu asubuhi hadi jua likatuchoma utosi. Kisha wakapita darasa kwa darasa. Kwetu aliingia mzee mmoja mwenye suti isiyo na tai, ile ya wakati ule, na picha ndogo ya Kiongozi kwenye ukosi. Alikuwa mkuu wa seli ya chama katika mtaa wetu. Alikuwa mchangamfu. Alisema amechoka na nyimbo za kupangwa, sasa anataka kusikia nyimbo za nyumbani, zile watoto wanazoimba wenyewe. Nani anajua?

Nilinyosha mkono kwa nguvu hadi nikainuka kitini. Nilikuwa na wimbo wa nyumbani, wimbo wa kweli, na darasani si njiani. Mwalimu Mwila aliangalia upande mwingine, kwa mtoto mwingine, lakini mgeni alikuwa amenichagua.

Nikaimba. Nikaimba na gitaa kwa mdomo. Mgeni akatabasamu, mguu wake ukaanza kugonga sakafu, na watoto wakapiga makofi. Nilipofika kwenye kiitikio nikanyamaza kama ngoma inavyobaki peke yake, kisha nikaimba kwa sauti nene ya mwanaume wa kaseti: Barudishe chetu! Barudishe chetu!

Mguu ulisimama.

"Barudishe nini, mama?" mgeni aliniuliza, bado kwa upole.

Swali hilo nilishajijibu zamani. Mwezi uliopita mpira wetu uliangukia ua wa jirani, na watoto wake wakakataa kuutoa.

"Ballon," nikasema. "Mupira yetu."

Darasa zima likacheka. Yeye pia alicheka kidogo. Naamini ingeishia pale. Lakini Mwalimu Mwila alikuja mbele haraka, uso wake umebadilika rangi.

"Mutoto anakosea, citoyen. Ile wimbo ya Cheche bantu bote banaijua. Iko 'Nirudishe kwetu.' Iko mu diski."

Lo! Maneno yale nilikuwa nayasikia kila Jumapili. Nilidhani ubishi wao umehamia darasani, baba mdogo hayupo wa kujitetea, na mimi nimeachwa peke yangu upande wake. Nikamjibu kama ambavyo yeye angemjibu.

"Apana, mwalimu! Ile iko ya studio. Miye naimba ile ya kaseti. Njo ya kweli!"

Mpaka leo nikifumba macho naona jinsi Mwalimu Mwila alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeona glasi ikiteleza mezani na mkono wake uko mbali. Mgeni aliniuliza kaseti iko wapi. Nikamwambia iko kwetu, mu sanduku ya baba mudogo, na nikampa jina la barabara, kwa kuwa shuleni walitufundisha tuijue.

Nilikimbia nyumbani nimejaa ushindi. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nilimweleza yote, na mtwangio ulisimama juu, haukushuka. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akautua polepole, akaenda chumba cha nyuma, na nikasikia bati likigongwa. Sanduku halikufunguka. Ufunguo ulikuwa karakanani, kiunoni mwa mwenyewe.

Walifika alasiri, kabla tu ya baba mdogo kurudi kutoka kazini: mkuu wa seli, mwanaume mmoja mrefu mwenye daftari, na kijana wa chama. Mwalimu Mwila walikuwa naye. Alisimama nyuma yao na safari hii hakuvua viatu. Baba aliwakaribisha kwa heshima kwenye viti alivyovichonga mwenyewe. Baba mdogo alipoingia na koti lake la buluu, aliangalia wageni, akamwangalia rafiki yake, kisha akaniangalia mimi. Nilimpungia mkono.

"Citoyen Sefu," mkuu wa seli alisema, "banasema uko na wimbo mubili. Tunataka tusikie yote mubili."

Baba mdogo alifungua sanduku. Aliweka santuri kwanza, kama kawaida, halafu kaseti. Na sasa niwaambie kitu ambacho mtu mzima anaona aibu kukisema: nilifurahi. Nilidhani hawa nao ni wapenzi wa ule wimbo. Kila kitu kilienda kama Jumapili. Waliinamisha vichwa. Walifika kwenye neno, wakasema irudishwe nyuma.

"Chef, nasikia 'nirudishe'," kijana alisema.

"Apana," mwenye daftari alisema. "Iko 'ba'. Mwanzo iko 'ba'."

"Rudisha tena."

Walirudisha mara nne, mara tano. Kijana akaanza kusema labda ni 'ba'; mwenye daftari akasema sasa hana hakika, makelele mingi. Nikaona mama amesimama mlangoni, kanga ameiuma kwa meno. Mkuu wa seli alimgeukia Mwalimu Mwila.

"Weye uko mwalimu wa lugha. Anaimba nini?"

"Nirudishe kwetu, citoyen."

Alisema vile alivyosema siku zote, lakini sauti ilikuwa nyembamba. Kisha mkuu akamgeukia baba mdogo.

"Na weye? Ulikuwa pale. Ulisikia nini?"

Nilisogea mbele kwa magoti. Nilisubiri kidole kiende juu, nilisubiri "Écoute!" Baba mdogo alikuwa akiangalia mashine.

"Nirudishe," alisema. "Nirudishe kwetu."

"Baba mudogo!" nilipiga kelele. "Lakini ulisema—"

Sikumaliza. Mama alikuwa ameshanifikia, akanibana mkono, na kidole chake kikanifunga midomo. Mkuu wa seli hakunikaripia. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza swali la mwisho, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Na hii sauti, iko ya nani? Iko ya Kalenga mwenyewe?"

Baba mdogo aliushika ufunguo kiunoni mwake.

"Iko yake," alisema.

"Basi yeye njo atajibu." Akaitoa kaseti mwenyewe, akaitia mfukoni, akamshukuru baba kwa viti vizuri, wakaondoka. Santuri waliiacha ikizunguka bure. Mwalimu Mwila alitoka nyuma yao bila kuaga.

Jua lilikuwa linazama na baba alikuwa ameenda msikitini. Mama alinituma nikusanye nguo kambani. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kichwa mikononi, na mama amesimama karibu naye. Nikiwa nyuma ya shuka nilimsikia baba mdogo akimwambia mama, akimwita mulamu, yaani shemeji yake:

"Mulamu, ile sauti haiko ya Kalenga. Iko yangu. Ni miye."

"Nyamaza," mama alisema. "Nyamaza, Sefu. Usiseme tena ile neno mu hii lupango."

Mu hii lupango, yaani uani mwetu. Lakini neno gani? Nilibaki na shuka mkononi. Nilielewa jambo moja tu, na nililielewa vibaya: kwamba baba mdogo ndiye Kalenga. Kwamba mtu wa kaseti, yule wa ukumbini mwenye roho, alikuwa akiishi chumba cha nyuma cha nyumba yetu, akila bukari kwenye sahani yetu, na alikuwa ameficha. Mambo yote yakakaa sawa, hata Rikki na Kalenga wakawa mtu mmoja. Ndiyo maana aliijua kweli ya wimbo. Ndiyo maana kaseti ilikuwa kwake. Kwa mwaka mzima niliibeba siri ile. Nilichukua jalada la santuri nikailinganisha picha ya mwimbaji na uso wa baba mdogo akilala, pua kwa pua, nikaona vinafanana kabisa.

Watoto mtaani waliposema Kalenga ameitwa, amewekwa ndani siku kadhaa, ametoka amekonda, Cheche wamekatazwa kupiga na yeye ameondoka mjini, mimi nilitabasamu moyoni. Wanadanganyana, niliwaza. Kalenga yuko kwetu, ametoka kuoga sasa hivi. Jambo ambalo sikuweza kulipangia mahali ni kwa nini baba mdogo hakugusa tena gramafoni. Hata mluzi aliacha. Jumapili zilikuwa ndefu. Mwalimu Mwila hakuja tena kwetu, na darasani hakuniita tena kusoma, hata niliponyosha mkono. Nilidhani amenuna kwa sababu ya ubishi wa wimbo. Lakini yeye ndiye aliyeshinda. Wote walikubali kwamba ni "nirudishe". Mshindi ananunaje? Kila nilipokaribia kulielewa jambo lile lilinigeukia tena.

Nilikuwa msichana wa sekondari nilipoelewa. Binamu yangu alikuwa na radio ya kaseti, tukamrekodi bibi harusi mmoja akiimbiwa na wanawake. Mimi ndiye niliyeshika mashine. Tuliposikiliza, hatukusikia wanawake arobaini. Tulisikia mimi, peke yangu, karibu, nikiitikia kwa sauti ya kukwaruza, na wengine wote mbali kama wako nyumba ya pili. Wenzangu walicheka hadi machozi. Mimi niliinuka nikatoka nje. Niliiona radio kifuani mwa baba mdogo. Niliisikia tena ile sauti nene iliyoingia kama imeingia chumbani.

Nilimkuta katika karakana yake ndogo aliyoifungua uani, akiunga waya. Nikamwambia nilichokijua. Alikiweka chini kile chuma cha moto, akakaa.

"Kalenga aliimba vile anaimba sikuzote," alisema. "Nirudishe kwetu. Miye njo niliimba ile ingine. Sisi ba mbele tuliiimba, siku ile, juu ya shaba yetu ile bakubwa banachukua, tukicheka. Kisha nikafika nyumba, nikasikiliza, nikasikia sauti moja tu."

"Na ulijua iko yako?"

"Mara ya kwanza, nilijua."

"Sasa juu ya nini kila Jumapili uliapa iko yake?"

Alisugua vidole vyake vyeusi. "Nilitaka iwe yake, Zaina. Muntu mukubwa, na gitaa, mbele ya bantu bote. Nani atasikiliza électricien? Nilisema mara mingi mpaka nikaanza kuamini. Na siku bale bantu baliniuliza..." Hakumaliza, na mimi sikumsaidia. Nilikuwa na hasira naye, na nilijionea haya, kwa kuwa aliyewaleta nyumbani nilikuwa mimi. Tulikaa pale bila kujua nani amwombe nani msamaha.

Baada ya siku chache alisema anakwenda kumtafuta Kalenga. Alisikia yuko Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, anauza samaki wakavu. Mama alisema niende naye. Alisema anataka samaki, lakini nadhani hakutaka aende peke yake. Tulipanda lori la magunia alfajiri na tukafika tumegeuka rangi kwa vumbi jekundu. Njiani alirudia maneno kwa midomo bila sauti, kama mtoto anayejifunza shairi.

Hatukutafuta sana. Tulimuuliza mwanamke wa kwanza sokoni, akasema, "Kalenga? Munatafuta Barudishe?" Akaelekeza kwa mdomo.

Baba mdogo alisimama kidogo, kisha akaendelea kutembea.

Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye mvi za mapema, nyuma ya meza ya samaki na chumvi. Hakufanana na baba mdogo hata kidogo. Kila aliyepita alimsalimu kwa jina lile, "Barudishe, habari ya leo," na yeye aliitikia kwa mkono, kama chifu. Baba mdogo alijitambulisha kuwa mtu wa Lubumbashi, mpenzi wa Cheche wa zamani. Mzee akafurahi, akatuletea viti, akamwita mwanawe wa kike aje asikie, kwa sababu hapa wamefika watu wanaoijua historia.

"Niliangalia ile salle," alituambia, "niliona bantu bamechoka, bametoka ku kazi. Nikasema mu roho: leo sitaimba ile ya studio. Nikanyamazisha magitaa yote. Nikaimba: barudishe chetu!" Akapiga meza, samaki wakaruka. "Kisha baliniita. Balinisikilizisha kaseti. Balisema, Kalenga, hii sauti iko yako? Nikasikiliza. Nikasikiliza tena. Nikasema: iko yangu."

Binti yake alimtazama kwa macho yaliyojaa fahari. Ilionekana kisa kile amekisikia mara mia na bado hakijamtosha. Kalenga aliinama mbele kidogo, akamwangalia baba mdogo usoni, akamwangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

"Na weye, ndugu? Ulikuwa mu ile salle?"

"Nilikuwa mbele," baba mdogo alisema.

"Ulinisikia?"

Baba mdogo alishika ukingo wa meza ya samaki. Maneno aliyoyarudia njia nzima yalikuwa pale mdomoni. Nilijua yalikuwa pale.

"Nilikusikia," alisema.

Kalenga akakaa tena, akacheka, akatufungia samaki wengi kupita tulivyotaka, akatusindikiza hadi kwenye lori akimshika baba mdogo mkono.

Wakati wa kurudi tulikaa juu ya magunia. Nilivumilia hadi mji ukapotea nyuma yetu, kisha nikamuuliza kwa nini hakusema, na mtu alikuwa amekaa mbele yake.

"Umesikia jina banamwita?" alisema. "Nikimunyang'anya ile jina, atabakia na nini? Samaki?"

Sikuridhika. Nikamuuliza tena, kwa ukali ambao leo unaniuma: yule mzee anadanganya, au anaamini, au alijua tangu siku walipomsikilizisha ile kaseti, akaona kuna mtu asiyemjua anayehitaji kufichwa?

Lori liliingia shimoni likatoka. Baba mdogo alishika kamba ya magunia, akaangalia barabara tuliyotoka.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Alipopiga ile meza na kuimba, hata miye sikujua tena ni nani aliimba."